Vigezo na masharti ya kozi ya onlaini: ukopi, uchukue templeti, ukae chini ya Udemy au umlipe wakili?

Jumapili saa mbili asubuhi, chai iko jikoni, meseji inaingia. "Madamu samahani, naomba unirudishie hela yangu, kozi sijaipenda." Mtu kalipa Ijumaa jioni, elfu 60, kozi yangu ya sabuni ya maji na sabuni ya mche, nikamuingiza kwenye chaneli ya Telegram yenye video 22, Jumamosi nzima kimya, Jumapili anataka hela yake. Nikamjibu kwa upole kabisa, mdogo wangu, kwenye tangazo nimeandika ADA HAIRUDISHWI, VIGEZO NA MASHARTI KUZINGATIWA. Akanijibu: "Sawa madamu, ila hivyo vigezo viko wapi nivizingatie?"

Nilikaa na simu mkononi kama dakika tano hivi. Havikuwepo. Yale maneno niliyachukua tu kwenye matangazo ya redio, yale ya mwisho kabisa ambayo mtangazaji anayasoma mbio kama anakimbizwa na mbwa, nikayabandika chini ya posta nikaona kazi imeisha. Na aliposema hajafungua hata video moja sikuwa na la kumbishia, maana chaneli inakuonyesha video imeangaliwa mara ngapi, haikuambii nani kaangalia. Nikamrudishia yote, makato ya kutuma nikabeba mimi.

Toka hapo nimezijaribu njia tatu kati ya nne za kupata vigezo na masharti, na ya nne nimeisoma kwa makini nikaiacha kwa sababu nitakazosema. Naziweka sambamba hapa kwa ajili ya mtu anayeuza kozi kama mimi, yaani huna ofisi, una simu, lipa namba, grupu la WhatsApp na kichwa chako, iwe unafundisha keki, Excel, kusuka, forex (hao nao nitawasema) au Kiarabu.

Njia zenyewe ni hizi: kukopi za mwenzako, kuchukua templeti ya bure (mkataba wa mfano ulioandikwa tayari) au kuiambia AI ikuandikie, kupandisha kozi kwenye jukwaa la kuuzia kozi mtandaoni kama Udemy uishi chini ya masharti yao, au kumlipa wakili akuandikie zako, zinazokukaa kama nguo uliyopimwa na fundi.

Kabla ya yote, msidhani hii ni karatasi ya mapambo. Sheria ya Mkataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka pande mbili zikubaliane kwa hiari, wawe watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, na makubaliano yenyewe yawe halali. Na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mkataba haukataliwi eti kwa sababu tu umefanyika kwa simu. Kwa hiyo lile neno "nimekubali" ambalo mtu anakuandikia WhatsApp lina uzito wake, ila lazima kuwe na kitu alichokikubali, na awe amekiona KABLA hajalipa. Ukimtumia baada ya muamala kusoma umeshachelewa, hapo unamtumia barua tu.

Tuanze na kukopi, maana ndo njia ya wengi na msinikatalie. Niliingia kwenye ukurasa wa mtu anayeuza kozi, nikachukua masharti yake yote, nikabadilisha jina la biashara, nikayatafsiri nusu nusu, dakika arobaini kazi imeisha na nikajiona mjanja kweli. Mwezi wa pili yake mwanafunzi mmoja, kijana mtulivu anayesoma kila kitu mpaka maandishi ya nyuma ya pakiti, akanitumia skrinshoti kaizungushia wino mwekundu. Kipengele cha 14: mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za Lagos State. Chini yake kaandika "Madamu tukigombana tutapanda ndege?" Nilicheka lakini aibu niliyopata naijua mwenyewe. Na ukiangalia vizuri tatizo halikuwa Lagos peke yake, Lagos unaifuta ukaandika Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba yale masharti yalikuwa yanaongelea "akaunti ya mwanafunzi", "neno la siri", "dashibodi", na mimi sina dashibodi, mimi nina chaneli ya Telegram na grupu la WhatsApp ambalo admini ni mimi na mdogo wangu. Kwa hiyo robo tatu ya ule mkataba ulikuwa unalinda biashara ambayo siyo yangu. Alafu jambo ambalo wengi hawalifikirii, yale maandishi yenyewe ni kazi ya mtu, na wewe humo humo ndani umeandika "ni marufuku kunakili kazi zetu". Haya.

Templeti za bure na AI nitaziweka kapu moja maana matokeo yake yanafanana. Uzuri wake ni mkubwa, nisiudharau: inakukumbusha vitu ambavyo peke yako usingevifikiria. Mimi kwa akili yangu nilikuwa nafikiria kurudisha hela tu. Templeti ndo iliyonikumbusha kuna suala la umri, kuna suala la mimi kuumwa katikati ya kozi, kuna suala la taarifa za watu ninazokusanya. Kama orodha ya kukumbushia ni nzuri mno. Shida inaanza ukiigeuza kuwa mkataba kamili. Kiswahili chake kwanza, "huduma inatolewa kama ilivyo", nikasoma mara tatu, kama ilivyo nini? Mama mwenye genge Mbagala anayetaka kujifunza sabuni asome "kama ilivyo" aelewe nini, anajua tu ni maneno ya kumkwepa. Alafu ile AI ikaniandikia kwa kujiamini kabisa "kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Tanzania", na mwaka ikaweka. Baadaye wakili alipoliona hilo akatabasamu tu, akaniambia dada, huku bara mambo ya mlaji yanashikwa zaidi na Sheria ya Ushindani ya 2003, ile ya FCC, yaani Tume ya Ushindani, hiyo nyingine umeitoa wapi. Na templeti nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani, utakuta "una siku 14 za kughairi" kwa sababu hiyo ndo sheria ya watumiaji ya Umoja wa Ulaya, na Uingereza nao wanayo. Ukiikopi bila kujua umempa kila mwanafunzi wako wa Temeke siku 14 za kuangalia video zote 22 alafu adai hela. Siyo sheria iliyokulazimisha, umejifunga kamba mwenyewe.

Udemy. Hii ndo niliyoisoma nikaiacha, lakini kwa mtu mwingine inaweza kuwa bora kuliko zote. Pale vigezo na masharti vimeshaandikwa, wewe unakubali ya walimu, mwanafunzi anakubali ya wanafunzi, malipo wanashika wao, mtu akiiba video kuna sehemu ya kulalamika. Hulipi wakili. Lakini siyo bure, unalipa kwa njia nyingine. Mwanafunzi ana siku 30 za kuomba hela yake irudi na huna kauli kubwa hapo. Akija kupitia linki au kuponi yako mwenyewe unachukua asilimia 97, akinunua kwa njia ya soko lao la kawaida unachukua 37. Barua pepe za wanafunzi hupewi, kwa hiyo siku ukitaka kuwaambia una kozi mpya unapitia kwao. Kozi lazima iwe na angalau dakika 30 za video na masomo 5, hilo siyo tatizo. Kwangu kilichoniangusha ni kwamba wanafunzi wangu wengi hawajawahi kulipa kwa kadi kwenye mtandao maisha yao yote, wanalipa kwa M-Pesa au Airtel Money, alafu wanapiga simu kuhakikisha kama nimeipata. Mfundisha Excel kwa Kiingereza anayetaka wanafunzi wa India na Nigeria asome hii aya mara mbili, mama sabuni wa kwetu apite.

Wakili sasa. Wa kwanza niliyemfuata alinitajia laki 8, na alikuwa sahihi kwa kazi aliyokuwa anaitaja, kukaa na mimi, kuandika toka mwanzo, vigezo na masharti, sera ya faragha, na mkataba wa mwalimu msaidizi. Laki 8 kwangu ni wanafunzi 13 na kitu. Nikarudi nyumbani nimenuna. Wa pili nilimfuata kwa mtindo mwingine, na huu ndo mtindo ninaouuza kwenu: niliandika mwenyewe kurasa tatu kwa Kiswahili changu, kipengele kwa kipengele, jinsi kozi yangu inavyokwenda kweli, alafu nikamwambia wakili msomi, naomba uipitie hii, kata, ongeza, niambie wapi najidanganya. Laki 2 na nusu, siku nne. Kabla hujamlipa mtu ingia e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama, uangalie jina lake kama ni wakili kweli, maana mjini hapa kila mwenye tai na faili anaitwa wakili.

Sasa tuchukue vipengele vyenyewe tuone kila njia inasemaje, hapo ndo tofauti inaonekana.

Kurudisha hela. Kukopi kulinipa "ada ikishalipwa hairudishwi kwa namna yoyote ile". Inasikika kali ila haina nguvu unayoidhani, kwa sababu kama sijakupa kozi, au nimekuahidi masomo 22 nikakupa 9, hilo neno haliwezi kunilinda, na mtu akienda kulalamika mimi ndo nitaonekana tapeli. Templeti ilinipa siku 14. Udemy siku 30. Wakili, na hapa nisikilizeni vizuri, rasimu yake ya kwanza aliniandikia "mwanafunzi atarudishiwa ada iwapo hajatazama zaidi ya asilimia 20 ya masomo". Nzuri, ya kisomi, nikamuuliza wakili, hiyo asilimia 20 naipimaje, Telegram hainiambii nani kaangalia nini? Akanyamaza kidogo, akasema hebu nielekeze mtu akilipa kinatokea nini, hatua kwa hatua. Nikamuelekeza. Tukatoka na hii: video mbili za mwanzo ni bure kwa kila mtu, zitazame ujiridhishe. Ukilipa, hujapewa linki ya chaneli, unaweza kughairi muda wowote na unarudishiwa yote ukitoa makato ya kutuma. Ukishatumiwa linki, hela hairudi, isipokuwa mimi nishindwe kutoa masomo niliyoahidi, hapo nakurudishia kwa hesabu ya masomo ambayo hukuyapata. Kwisha. Linki imetumwa au haijatumwa, hilo nina ushahidi nalo, na saa yake iko pale pale chini ya meseji. Hata wakili mzuri hawezi kukupa hiki kipengele kama hajui kozi yako inavyofika kwa mtu, na templeti ndo kabisa haitakaa ijue.

Kostiki. Hapa ndo nilipoacha kubishana kuhusu gharama. Sabuni ya mche inatengenezwa kwa kostiki soda, na kostiki inaunguza, inachoma ngozi, ikiingia jichoni ni hatari ya upofu. Kwenye video ya sita nasema mara tatu, kostiki inawekwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki, maana ukimwagia maji juu yake inachemka ghafla na kukurukia. Glavu, miwani, ndoo ya plastiki, siyo sufuria ya alimini, watoto mbali. Sasa mtu akiruka video ya sita akaenda ya saba akaungua? Masharti niliyokopi hayana neno hata moja, yule mwenzangu alikuwa anafundisha masoko ya mtandaoni, cha kumuunguza mtu hana. Templeti inasema "hatutawajibika kwa hasara yoyote ya moja kwa moja au isiyo ya moja kwa moja". Wakili akanikata hapo hapo, dada huwezi kujivua uzembe wako kwa karatasi, ukimfundisha mtu vibaya akaumia hilo neno halikusaidii. Unachoweza ni kuonyesha kwamba ulimuonya na alijua. Kwa hiyo kipengele changu cha nne kinasema hivi: kozi hii inatumia kostiki soda ambayo inaunguza, lazima uangalie video ya usalama kabla ya kufanya kwa vitendo, lazima uwe na glavu, miwani na ndoo ya plastiki, siyo sufuria ya alimini, na ukifanya bila hivyo ni kwa hiari yako. Na pale kwenye fomu kuna sehemu yake peke yake ya kuweka tiki, haijachanganywa na mengine. Mwenye kozi ya mazoezi ya viungo, ya lishe, ya kupaka dawa za nywele, we jua una kostiki yako, itafute.

Na wale wa forex na kripto niliosema nitawataja, kostiki yenu ni hela ya mtu. Kama kwenye posta umeandika "faida kila siku" alafu kwenye masharti chini kabisa umeandika "hatuhakikishi faida", haya mawili yanapigana, na Sheria ya Ushindani inakataza kumpotosha mlaji. Rekebisha posta kwanza ndo uje kwenye masharti.

Cheti. Nilikuwa natoa cheti kizuri cha rangi ya dhahabu, mwanafunzi mmoja akakipeleka kuombea kazi kiwandani, wakamwambia hiki siyo cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi. Akarudi kwangu na hasira, na ukweli mimi sikuwahi kusema ni cha VETA, ila sikuwahi kusema siyo. Siku hizi imeandikwa waziwazi: cheti ni cha kushiriki, hakijasajiliwa VETA wala NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na kozi hii haikupi alama ya TBS, ukitaka kuuza sabuni dukani utafuata taratibu zao mwenyewe. Wakenya wenzetu nyie mtataja TVETA. Templeti ya nje haitakuja kukuambia NACTVET, sahau.

Kusambaza video. Hapa njia zote nne zinalingana kidogo, kila moja inakataza. Video yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hata kama hukuisajili popote, kusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ni kujiongezea ushahidi. Tofauti iko kwenye kinachofuata baada ya kukataza. Mtu akikutwa anauza kozi yangu buku tano kwenye grupu lingine (imeshatokea, mara mbili), masharti yangu yanasema anatolewa kwenye chaneli bila kurudishiwa ada na nina haki ya kumdai. Lakini nisiwadanganye, karatasi haimzuii mwizi, mimi nimewasha pia ile ya Telegram ya kuzuia kusevu na kufowadi, na kila mwezi nabadilisha linki. Anayetaka kurekodi kwa simu ya pili atarekodi tu.

Taarifa na picha za watu. Hiki kipengele tunakipuuza sana. Mimi nakusanya jina, namba ya simu, mkoa, na nilikuwa napenda kuposti picha za wanafunzi na sabuni zao kama ushuhuda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuna Tume yake kabisa, wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwao. Kenya walitutangulia na sheria yao ya 2019, na mwaka 2023 ofisi yao ya ulinzi wa data iliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 za Kenya kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwangu sasa hivi picha ina tiki yake tofauti: nakubali picha yangu itumike kwenye matangazo, au sikubali. Asiyekubali anapata kozi ile ile. Na kwa upande wa grupu la WhatsApp nimewaambia mapema kwamba ukiingia, wenzako wataona namba yako, kama hutaki baki kwenye chaneli tu. Hili la grupu hakuna templeti iliyolitaja, kwa sababu templeti hazijui kama tunafundishana kwenye grupu.

Umri nao upite haraka: chini ya miaka 18 huna uwezo wa kuingia mkataba, na mimi nina wanafunzi wengi waliomaliza form four wanasubiri matokeo, wana miaka 16, 17. Kwangu anayejaza fomu na kukubali ni mzazi au mlezi. Tena kwa ajili ya kostiki nafurahi mzazi ajue.

Kama una wanafunzi nje, mambo yanaongezeka. Nina dada mmoja yuko Muscat na mwingine Ujerumani. Wa Ujerumani ndo nilihangaika naye, kwa sheria za kule mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14, isipokuwa kwa video na vitu vya kidijitali akikubali waziwazi kwamba apewe sasa hivi na anajua akishapewa anapoteza haki hiyo ya kughairi. Nikaongeza sentensi moja kwenye fomu, tiki moja, basi. Wauzaji wa Kenya, nyie mna Consumer Protection Act ya 2012 ambayo ina sehemu ya mikataba ya intaneti kwa malipo yanayozidi kiwango kilichowekwa: usipompa mnunuzi maelezo yanayotakiwa, au usipompa nafasi ya wazi ya kukubali au kukataa, anaweza kuvunja mkataba mpaka siku 7 baada ya kupata nakala. Nakala, mmeona hilo neno. Mtumieni mtu nakala.

Kwa hiyo uchague ipi? Mimi naona hivi. Kama kozi ni ya elfu 10, una wanafunzi 15, na unachofundisha hakimuumizi mtu wala hakigusi hela yake, chukua templeti kama orodha ya kukumbushia, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chako, usimpe wakili hata mia kwa sasa. Kama soko lako liko nje na wanalipa kwa kadi, Udemy inakubeba, vumilia siku 30 zao. Kama kozi inagusa mwili, afya, hela au watoto, au umeshafikisha wanafunzi mia na kitu, andika zako mwenyewe alafu mlipe wakili azipitie. Wakili wa kuandika toka sifuri kwa laki 8 ni wa mtu mwenye kampuni, walimu walioajiriwa na tovuti yake, na huyo mtu hanisomi mimi, ana mtu wa kumsomea. Kukopi siioni sehemu yake hata kwa bahati mbaya. Templeti nayo ni bure, sasa unaiba cha nini?

Kuna kosa moja nililofanya hata baada ya wakili: niliyaweka yale masharti kwenye PDF ya kurasa tatu nikaituma kwenye grupu, hakuna aliyeifungua, wengine bando linaisha, wengine simu inaandika faili haliwezi kufunguka. Sasa hivi yako kama meseji ya kawaida ya WhatsApp, vipengele tisa vifupi, namba moja moja, alafu linki ya Google Form yenye tiki nne. Anayeshindwa fomu ananijibu NIMEKUBALI na jina lake kamili, napiga skrinshoti naihifadhi kwenye folda ya mwezi huo. Ndipo namtumia lipa namba. Mwanzoni niliogopa watu watakimbia, na kweli wawili watatu walikimbia, mmoja akaniambia "madamu mbona kama tunanunua kiwanja".

Wiki iliyopita kanijibu baba mmoja wa Morogoro: "NIMEKUBALI, ila namba 4 sijaelewa, sufuria ya alimini ina shida gani?" Nikamrekodia sauti ya dakika mbili, kwamba kostiki inaila alimini na kutoa gesi inayoshika moto, atumie ndoo ya plastiki ngumu. Akasema kumbe, mke wangu alishaandaa sufuria. Dakika kumi baadaye muamala ukasoma.